Herufi Moja na Deni la Marehemu: Makosa ya Kiswahili Yanayokera na Yanayodhuru

Hakuna mji wa pwani usio na mzee wa barazani anayekerwa na Kiswahili cha wenzake, na Tanga imejaliwa wazee hao kwa wingi. Mtangazaji wa redio akisema "nyimbo hii", mzee huizima redio. Mgeni rasmi akisema "mwisho wa siku", mzee huuliza ni siku ipi iliyokwisha ilhali jua li utosini. Ikiletwa kadi ya harusi iliyoandikwa "wakina mama wote mnakaribishwa", huipindua akatazama upande wa pili, labda huko kuna Kiswahili. Sisi tunaoandika makala haya huketi na wazee hao baada ya sala ya alasiri. Na kwa kuwa kazi yetu katika kamati ya msikiti ni ukatibu, hupitiwa mkononi na karatasi za kila namna: barua za kuomba msaada, matangazo ya khitma, fomu za nikahi, kumbukumbu za vikao, na siku hizi ujumbe wa misiba unaosafiri kwa simu kabla hata maiti haijaoshwa. Karaha ya wazee tunaijua, na aghalabu tunaishiriki.

Hata hivyo karaha ni mzani mbovu. Hulipima kwa uzito mmoja kosa linalokwaruza sikio na kosa linalopoteza haki ya mtu, na mara nyingi lile la kwanza ndilo linalopigiwa kelele zaidi. Tungependa familia zinazosoma ukurasa huu zitusaidie kuyatenga.

Tuanze na yanayokwaruza tu. "Nyimbo" ni nyingi; mmoja ni "wimbo". Vivyo hivyo "waraka" ni mmoja na "nyaraka" ni nyingi, "ukucha" mmoja na "kucha" kumi. Barua isemayo "nyaraka hii" humkunja katibu uso, lakini ombi lililomo ndani yake linaeleweka na mwenye haja husaidiwa. "Wakina mama" imezaliwa kwa kulipachika "wa" mbele ya "akina", neno ambalo tayari limebeba wingi ndani yake. "Watu ambao waliofika" imebeba virejeshi viwili kwa kazi ya kimoja: yatosha kusema "watu ambao walifika" au "watu waliofika", na hili la pili ndilo jepesi zaidi kwa ulimi na kwa karatasi. Anayesimama mbele ya jamaa akasema "mimi kama imamu wenu" hukusudia "mimi nikiwa imamu wenu", ila kwa sikio la mzee amesema kwamba anafanana na imamu. Na mzee mmoja tunayemjua aliwahi kuuliza kwa sauti, imamu mwenyewe basi yu wapi. Kosa hili, pamoja na lile la "mwisho wa siku", halikutoka mashambani wala sokoni. Limetoka maofisini na vyuoni, kwa watu wanaofikiri kwa Kiingereza kisha wakakitafsiri neno kwa neno. Ni ajabu kwamba anayechekwa zaidi mjini ni muuza mbogamboga.

"Masaa" tungependa kuitetea kidogo. Shuleni tumefundishwa kwamba "saa" haibadiliki, iwe moja au ziwe kumi, na ndivyo Kiswahili sanifu kinavyotaka. Lakini tangazo likisema "darsa itakuwa saa tatu", je, darsa itaanza saa tatu au itadumu saa tatu? Msemaji wa "masaa matatu" ameuondoa utata huo kwa njia yake, wala hakufanya hivyo kwa ujinga. Mwenye kupenda usanifu na aandike "kwa muda wa saa tatu", mambo yaishe. "Lisaa limoja" hatulitetei.

Tena yako makosa ambayo mkosaji ana hoja kuliko mkosoaji. Mtoto aliyejifunza "mwalimu wangu", "mgeni wangu" na "mjomba wangu" ana haki gani ya kulaumiwa akisema "baba wangu"? Ameifuata kanuni, Kiswahili ndicho kilichoiacha, kikasema "baba yangu" na "shangazi yangu", kisha kikarudi na kusema "baba yangu amekuja" kama kwamba hakukuwa na jambo. Anayemcheka mtoto huyo na aeleze kwanza sababu, nasi tutasikiliza pamoja.

Yako sasa makosa ya namna nyingine kabisa. Si muda mrefu uliopita, ulisambaa katika simu za waumini wa mtaa wetu ujumbe wa msiba. Ulitaja jina la marehemu na saa ya maziko, kisha mwishoni ukasema kwamba familia inawafahamisha wote kuwa marehemu ana deni. Aliyeuandika alikusudia "hana deni". Kabla ya kaburi kufukiwa, watu wawili walikwisha kumwuliza mtoto mkubwa anayedai ni nani na anadai kiasi gani. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, alianza kuchangisha. Mjane alikuwa amemwona mumewe, katika wiki za mwisho za ugonjwa, akimwita kila aliyewahi kumkopesha na kumlipa mbele ya mashahidi. Sasa akasikia wanawake wakinong'ona ukumbini kwake kwamba mume ameondoka na madeni. Sahihisho lilitumwa baada ya Isha. Lakini sahihisho, kama ijulikanavyo, halifiki kwa wote waliofikiwa na kosa, na hadi leo wapo wanaoamini kwamba nyumba ile ilifichwa jambo.

Wasomaji wetu wanajua kwamba deni la marehemu hulipwa kabla ya wasia wake na kabla ya warithi kugawana hata kijiko. Sheikh Ali Hemedi el-Buhriy, mwanachuoni wa hapa hapa Tanga, aliona katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 kwamba hukumu za namna hii zinastahili kuandikwa kwa Kiswahili ili watu wazisome wenyewe, akatuachia vitabu vya *Mirathi* na *Nikahi*. Katika elimu hiyo hakuna herufi ndogo. "Ana deni" na "hana deni" ni milango miwili inayotazama pande mbili, na mali hutokea mlango mmoja au mwingine. Fikirini kosa likienda upande wa pili: marehemu anadaiwa, tangazo linasema hadaiwi, na mdai mnyonge anaona haya kujitokeza mbele ya watu waliokwisha kuambiwa kwamba hakuna mdai.

Tazameni jinsi lugha yenyewe ilivyojengwa. Katika nafsi nyingine Kiswahili kimejikinga: "nina" na "sina" hazifanani, na "wana" ikikanushwa huongezwa silabi nzima ikawa "hawana". Lakini katika umoja wa nafsi ya pili na ya tatu, kukataa kote kumeegemea pumzi moja. Una, huna. Ana, hana. Atalipa, hatalipa. Pumzi hiyo ikidondoka, kukataa kumekuwa kukubali. Wako wanaoidondosha kwa sababu lugha walizozaliwa nazo hazina sauti hiyo. Na wako ambao kwa hofu ya kuidondosha huipachika isipotakiwa, wakasema "hasante" na "hasubuhi". Ila aliyeuandika ujumbe ule wa msiba hakuwa katika hao. Alikuwa mzaliwa wa pwani, mwenye matamshi ambayo hakuna mzee wa baraza angeyatia dosari. Kidole chake tu ndicho kilichoiruka herufi, kwa haraka, na hakuna aliyemsomea tena kabla ya kutuma.

Ndugu wa kosa hilo ni lile la "r" na "l". Karatasi ya madrasa ikimtaka kila mwanafunzi aje na "karamu" na daftari, mama hucheka na kuuliza apike pilau ya watu wangapi. Hilo ni la kuchekwa na kusahauliwa. Lakini "mahari" na "mahali" si la kuchekwa. Fomu moja ya nikahi iliyopita mezani kwetu ilikuwa na nafasi mbili, moja ya mahali pa kufungia ndoa na nyingine ya mahari. Bwana harusi, ambaye kwa ulimi wake maneno hayo ni neno moja, alijaza kiasi cha fedha katika nafasi ya kwanza, na ile ya pili akaiacha tupu, akidhani imeandikwa mara mbili kwa makosa. Wino ulikuwa karibu kukauka pale mmoja wa mashahidi alipogundua. Mahari ni haki ya mke, na hasa ile inayobaki deni kwa mume huweza kuja kudaiwa baada ya miaka 20, walioshuhudia wakiwa wamekwisha kufariki na karatasi ndiyo shahidi pekee. Karatasi ile ingesema nini?

Waislamu si wageni wa jambo hili. Elimu ya nahau ya Kiarabu, kwa mujibu wa simulizi mashuhuri, ilizaliwa na kosa la irabu moja. Abu al-Aswad ad-Duali, aliyeishi Basra katika karne ya kwanza ya Hijria, inasimuliwa kuwa alimsikia mtu akisoma aya ya tatu ya Surat at-Tawba, pale panapotangazwa kwamba Mwenyezi Mungu na Mtume wake wamejitenga na washirikina. Msomaji alitia kasra palipostahili dhamma, na maana ikageuka, ikawa kana kwamba Mwenyezi Mungu amejitenga na washirikina na Mtume wake vilevile. Mtu yule hakukusudia alichokisema. Simulizi haituambii kwamba Abu al-Aswad alimcheka. Inatuambia kwamba alikwenda kufanya kazi, na ndiye anayehesabiwa na wengi kuwa wa kwanza kuutilia msahafu vitone vya kuonyesha irabu.

Na kitabu kikuu cha nahau hiyo hakikuandikwa na Mwarabu. Sibawayhi alikuwa Mwajemi aliyekwenda Basra kusoma hadithi. Yasimuliwa kwamba alikosea mwisho wa neno moja mbele ya mwalimu wake, Hammad bin Salama, akakosolewa pale pale darasani, naye akaapa kutafuta elimu ambayo ndani yake hakuna atakayemkosoa. Alifariki karibu na mwaka 180 Hijria, akiwa bado kijana kwa hesabu ya wanavyuoni, na alichokiacha wanafunzi wa Kiarabu hukiita "Kitabu" tu, kwa kuwa hakuna anayeuliza kipi.

Tunayasema haya kwa sababu ya kijana mmoja. Alizaliwa upande wa Korogwe katika familia iliyotoka bara kufuata kazi ya mkonge, na alipohamia mtaani kwetu alijitolea kusoma matangazo baada ya sala ya Ijumaa. Hesabu za michango alizisoma kwa utaratibu ambao hatukuwa nao kabla yake. Lakini alisema "Lamadhani", na alisema "salaka" badala ya "sadaka", na safu za nyuma zikaanza kukohoa kikohozi kile ambacho kila mtu anajua si kikohozi. Ijumaa ya tatu alicheka hata mtoto aliyekaa karibu na mimbari. Tangu hapo kijana huyo huswali mlangoni, karibu na viatu, na akiombwa kusoma husema koo linamuuma. Waliocheka ni watu wema, na baadhi yao ni wazee wetu wa barazani. Hakuna hata neno moja kati ya aliyoyasema kwa makosa ambalo halikueleweka. Yule wa "ana deni" hakuchekwa na mtu.

Pengine tumesahau jinsi mji huu ulivyojaa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge upande wa Pangani, ikaishi 62 tu, na kutokana na hiyo yakaenea mashamba kutoka Muheza hadi Korogwe na mbali zaidi. Mashamba yaliita watu, nao wakaja kutoka kila pembe ya nchi na kutoka nje yake, kila mmoja na lugha ya mama yake. Lugha nyingi za bara haziitenganishi "r" na "l", wala hazina "dh", "th" na "gh" zilizotufikia sisi kwa njia ya Kiarabu. Watu hao walijifunza Kiswahili kambini na sokoni, pasipo mwalimu, na kwa Kiswahili hicho wakaoa, wakasilimu wengi wao, wakajenga misikiti ambayo sisi leo ni makatibu wake.

Na sisi wa pwani, tukitakiwa tufanye mtihani, hatutoki salama. Kiswahili kinachoitwa sanifu kilichaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ikakubaliwa Kiunguja kiwe msingi, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisanifu ambayo katika miaka yake ya mwanzo wajumbe wake walikuwa Wazungu. Tangu siku hiyo Mmombasa anayesema "ndia" kwa "njia" na "mato" kwa "macho" amekuwa mkosaji darasani, ingawa babu zake walisema hivyo kabla ya kuwapo darasa. Kimtang'ata cha pande za Tongoni nacho hakina alama hata moja katika mtihani wa shule. Bibi zetu waliotufundisha kusema wangefeli. Hatusemi kwamba usanifu haufai. Bila ya huo tusingeweza kuandika gazeti moja likasomwa Tanga, Kigoma na Lamu. Tunasema kwamba anayemcheka mwenziwe kwa kipimo hicho na ajue kipimo kilitoka wapi, na kwamba hakikutoka barazani kwake.

Tumkumbuke pia Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 kijijini Vibambani, jirani na Machui, mwendo mfupi kusini ya mji huu. Tanga nzima hujivunia jina lake, na asili ya ukoo wake yatajwa kuwa ya Kiyao, kutoka kusini ya mbali. Mwalimu Nyerere, Mzanaki wa Butiama, alizitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili ambacho wengi wetu wenye pwani yetu tusingekiweza. Lau wawili hao wangekoholewa Ijumaa tatu mfululizo, nani ajuaye.

Je, basi tusikosoane? Hasha, kosa la mahari na la deni lazima likosolewe, tena siku ile ile. Swali ni namna gani. Katika *Sahihi Muslim* imo habari ya Muawiya bin al-Hakam as-Sulami, aliyezungumza katikati ya sala bila kujua kwamba haifai, na waliokuwa wakiswali naye wakamkodolea macho na kupiga mapaja yao ili anyamaze. Mtume (s.a.w.) alipomaliza kuswali hakumkaripia, hakumpiga wala hakumtukana, alimweleza tu kwamba maneno ya watu hayana nafasi ndani ya sala. Muawiya mwenyewe ndiye aliyesimulia habari hiyo, na katika kuisimulia anamsifu mwalimu wake kwamba hakumwona aliye bora kuliko yeye kabla yake wala baada yake. Aliyekosolewa vizuri ndiye aliyelihifadhi somo.

Nyumbani jambo hili ni jepesi kuliko wazazi wanavyodhani, nasi watu wa madrasa tunacho chombo ambacho wengine hawana. Mtoto wa miaka saba anayesoma juzuu ya Amma ameshafundishwa makharij: anajua "dh" hutoka pale ulimi unapogusa ncha za meno, anajua "th" si "s", anajua "gh" hutoka kooni, na hawezi kuchanganya "r" ya ar-Rahman na "l" ya al-Latif. Mtoto huyo huyo akifunga msahafu husema "feza", "zambi", "samani" na "gali" kwa "ghali". Ulimi anao. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba "dh" ya "dhambi" ni ile ile aliyoisoma asubuhi. Mzazi hahitaji kumkatiza wala kumwambia "umekosea". Akisema mtoto "nimepoteza feza", mama na aseme "umepoteza fedha wapi, mwanangu?" na kuendelea na mazungumzo. Baada ya miezi michache sikio litakuwa limefanya kazi yake. Wazazi ambao wenyewe wana ulimi wa bara wasione haya kujifunza kwa mtoto. Tumeona baba mmoja wa Pongwe akifundishwa "kh" ya "kheri" na binti yake wa darasa la pili, na nyumba nzima ikifurahi.

Katika kamati yetu, baada ya msiba ule, ujumbe wa vifo hautumwi mpaka umesomwa kwa sauti na mtu wa pili, na mtu huyo si aliyeuandika. Tumeacha pia kuandika "ana" na "hana" katika habari ya madeni. Tunaandika "anadaiwa, wadai wamwone fulani", au tunaandika "hadaiwi na mtu yeyote", kwa sababu "hadaiwi" hata ikikosa herufi ya mwanzo haiwi "anadaiwa". Msomaji ataona kosa, na hatapotoshwa nalo. Fomu ya nikahi imepangwa upya: nafasi ya "mahari ya mke" imewekwa juu, hujazwa kwa tarakimu na kwa maneno, na palipokuwa pameandikwa "mahali" sasa pameandikwa "msikiti au nyumba ilipofungwa ndoa". Mchapaji alituuliza kwa nini maneno yamekuwa mengi.

Kijana wetu bado hajarudi kusoma matangazo. Mmoja kati ya wazee waliokohoa amekwenda kwao mara mbili baada ya magharibi, peke yake. Mara ya kwanza walizungumza mlangoni. Mara ya pili alikaribishwa ndani, akanywa chai.